Kaoru Ishikawa: Mjapani aliyemkabidhi mfanyakazi kalamu

Katika miaka ya 1930, mtu wa Mombasa au Unguja aliyeingia dukani kununua kitambaa cha pamba aliijua Japani kwa jambo moja: bei. Vitambaa vya Kijapani vilijaa pwani na bara, vikavishinda vile vya Uingereza kwa sababu mfuko wa mnyonge uliviweza. Lakini sifa ya uimara haikuwako. Wala si huku kwetu tu. Katika sehemu nyingi za dunia bidhaa yenye jina la Japani ilihesabiwa kuwa kitu cha kununua leo na kutupa kesho.

Miaka ikapita, vita vikuu vikaja na kwisha. Halafu, wakati wa Pasaka ya mwaka 1970, mashindano ya magari ya Safari yalipomalizika, gari lililotangulia mbele ya yote lilikuwa Datsun, na aliyeliendesha alikuwa Edgar Herrmann. Wengine walisema ni bahati. Mwaka 1971 Datsun ikashinda tena, na mwaka 1973 ikashinda mikononi mwa Shekhar Mehta. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Tope, mawe na vumbi la Afrika Mashariki vilikuwa vimetoa hukumu, na hukumu hiyo haikuweza kununuliwa kwa matangazo.

Je, msomaji, nini kilitokea kati ya kitambaa kile cha bei nafuu na magari haya? Majibu ni mengi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kudai sifa yote. Lakini katika hadithi hiyo yumo mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mpole wa tabia na mkaidi wa mawazo, ambaye aliamini kwamba karatasi, kalamu na hesabu za shule ya msingi zikiwekwa mikononi mwa mfanyakazi wa kawaida zinaweza kugeuza kiwanda kizima. Jina lake ni Kaoru Ishikawa.

MTOTO WA MWENYE VIWANDA

Ishikawa alizaliwa mjini Tokyo tarehe 13 Julai 1915. Alikuwa mkubwa kati ya watoto wanane wa kiume wa Bwana Ichiro Ishikawa, tajiri wa viwanda vya kemikali ambaye baadaye, mwaka 1948, alikuja kuwa rais wa kwanza wa shirikisho kubwa la wenye viwanda nchini Japani, liitwalo Keidanren. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kukaa kitako akisubiri urithi. Kaoru alichagua vitabu na mashine. Mwaka 1937 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, somo lake likiwa kemia ya viwandani.

Mwaka 1939 aliingia katika jeshi la wanamaji akiwa ofisa wa ufundi. Huko alitwikwa kazi ya kusimamia ujenzi wa kiwanda, akiwa na mamia ya wafanyakazi chini yake ilhali yeye mwenyewe hajafika hata miaka 27. Baadaye alisema mara nyingi kwamba miaka ile miwili ilimfaa kuliko alivyotazamia, kwa kuwa hapo ndipo alipojifunza kuishi na watu wa kazi na kuwasikiliza. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1947 alifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe, kisha akarudi chuoni kwake kuwa mwalimu.

Nchi aliyorudi kuifundisha ilikuwa imevunjika. Miji ilikuwa imeungua kwa mabomu, chakula kilikuwa haba, na jeshi la Marekani ndilo lililokuwa likitawala. Hata simu hazikufanya kazi sawasawa. Zilikatika mara kwa mara mpaka Wamarekani wenyewe, mwaka 1946, wakaviamuru viwanda vya vyombo vya simu vijifunze njia za kisasa za kulinda ubora. Nchi isiyokuwa na mafuta wala madini ya kutosha ilikuwa na njia moja tu ya kujilisha: kununua malighafi ng'ambo, kuitengeneza, na kuuza vitu ambavyo dunia ingevitaka. Kama bidhaa zingeendelea kuwa zile za kutupa kesho, watu wangelala njaa. Kwa hiyo ubora wakati ule ulikuwa suala la ugali wa taifa zima.

MWALIMU ASIYEJUA SOMO

Ishikawa hakuingia katika mambo ya takwimu kwa kupenda hesabu. Aliingia kwa shida. Alipokuwa akifanya majaribio ya kemia chuoni, aliona kwamba matokeo hayakuwa sawa hata mara moja. Jaribio la leo lilitoa jibu hili, la kesho likatoa jibu jingine, ingawa mikono ni ile ile na dawa ni zile zile. Mtu afanye nini? Aamini jibu lipi? Akagundua kwamba asipojua elimu ya takwimu hataweza kutofautisha mabadiliko ya kawaida na mabadiliko yenye maana.

Akaenda kutafuta vitabu katika Chama cha Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, kilichoanzishwa mwaka 1946. Mkurugenzi wa chama hicho, Bwana Kenichi Koyanagi, hakumpa vitabu hivi hivi tu. Alimwekea sharti: ukitaka kusoma vitabu vyetu, ingia katika kikundi chetu cha utafiti na uwe mwalimu. Ishikawa alijitetea kwamba yeye hajui kitu. Koyanagi akamtuliza kwa kumweleza kwamba na wenzake pia ndio kwanza wanaanza. Basi mwaka 1949 akawa mwalimu wa somo ambalo alikuwa akilisoma usiku na kulifundisha mchana.

Mwaka uliofuata, 1950, chama hicho kilimwalika Mmarekani W. Edwards Deming aje kufundisha takwimu za ubora. Deming aliwafundisha wahandisi, lakini alijua kwamba wahandisi peke yao hawana nguvu ikiwa wakubwa wao hawaelewi. Hapo ndipo baba yake Kaoru alipofaa. Mzee Ichiro, akiwa mkuu wa chama hicho na wa Keidanren pia, aliwaita vigogo wa viwanda wakae wamsikilize mgeni. Sauti ya mzee huyo haikuweza kupuuzwa, nao walikuja. Mwaka 1951 ikaanzishwa Tuzo ya Deming kwa watu na makampuni yaliyofanya vizuri katika kazi hiyo. Kampuni ya Nissan, iliyotengeneza zile Datsun za Safari, iliipata tuzo hiyo mwaka 1960, na Toyota ikaipata mwaka 1965.

KARAKANA ILIYOITWA ADUI

Wakati huo huo Ishikawa alikuwa akizunguka viwandani. Katika kiwanda kimoja cha chuma alikuta jambo lililomshangaza. Chuma kilitoka karakana moja kikiwa na mikwaruzo na kasoro, kikapelekwa karakana ya pili kumaliziwa. Ishikawa aliwashauri watu wa karakana ya kwanza waende kule ya pili wakatazame kasoro hizo zinaleta taabu gani. Walikataa. Walisema wakienda huko wataonekana wapelelezi. Watu wa karakana ile, wa kiwanda kile kile na mshahara kutoka dirisha lile lile, walikuwa wakiwaita adui.

Hapo ndipo Ishikawa alipoanza kufundisha neno ambalo baadaye lilienea katika viwanda vyote vya Japani, kwamba anayeipokea kazi yako ndiye mteja wako. Usimfikirie tu mnunuzi aliye mbali dukani. Fundi wa meza ya pili anayepokea kipande ulichokata wewe ni mnunuzi wako, naye ana haki ya kukuuliza. Ni neno jepesi, lakini lilivunja kuta ambazo zilikuwa zimesimama miaka mingi, kwa maana kila idara ilikuwa imezoea kuficha kasoro zake na kumtupia jirani.

Hata hivyo miaka ile ya mwanzo haikuwa ya ushindi mtupu. Wahandisi walilewa takwimu. Walijaza kuta fomula ambazo nyapara na watu wake hawakuzielewa, wakaandika kanuni nyingi ambazo hakuna aliyezifuata. Wafanyakazi waliona kwamba hesabu zile ni fimbo mpya ya kuwapigia. Wakubwa nao wengi waliona kwamba hayo ni mambo ya mafundi, si yao. Mwaka 1954 alifika Mmarekani mwingine, Joseph Juran, akasisitiza kwamba ubora ni kazi ya uongozi wote. Ishikawa alikubaliana naye, lakini swali lake lilikuwa la upande wa pili. Alijiuliza: mtu wa chini kabisa, anayeishika mashine kwa mkono wake, ataingiaje katika kazi hii kama lugha yake haieleweki?

ZANA SABA

Jibu lake lilikuwa kuchagua zana chache ambazo mtu yeyote aliyejua kusoma, kujumlisha na kugawanya angeweza kuzitumia. Zikafika saba. Wajapani wana hadithi ya shujaa wao wa kale, Benkei, mtawa mpiganaji wa karne ya 12 aliyebeba silaha saba mgongoni, na inasemwa kwamba hesabu hiyo ya saba ilitokana naye. Ishikawa alishikilia kwamba katika kila matatizo mia ya kampuni, yapata 95 yanaweza kutatuliwa kwa zana hizo saba bila kumwita mtaalamu.

Ili tusipotee, tuchukue mfano wetu wenyewe wa kubuni. Tuseme kuna karakana ya kushona mashati, na mashati mengi yanarudishwa na wenye maduka. Tajiri anafoka na kutishia kumfukuza mtu. Ishikawa angemwambia angoje kidogo, kwanza tuhesabu.

Zana ya kwanza ni karatasi ya alama. Chora jedwali, andika aina za kasoro, na kila shati bovu linapopatikana piga mstari mmoja mahali pake. Baada ya juma moja tuna kasoro 100: mishono ya bega iliyofumuka 62, vifungo vilivyolegea 19, kola zilizopinda 11, madoa 8.

Ya pili ni chati ya Pareto, iliyopewa jina la mtaalamu wa uchumi wa Italia aliyeonyesha kwamba mali nyingi hukaa mikononi mwa watu wachache. Chora nguzo, ndefu kwanza kisha fupi. Mara moja jicho linaona kwamba tajiri aliyekuwa akigombana na watu kwa sababu ya madoa anapoteza pumzi. Mshono wa bega peke yake ni zaidi ya nusu ya hasara yote.

Ya tatu ni kuyatenga makundi. Hiyo mishono 62 imetoka wapi? Itenge kwa cherehani, kwa zamu, kwa aina ya uzi. Huenda ikaonekana kwamba 50 kati ya hiyo ilitoka zamu ya usiku. Ya nne ni histogramu, yaani picha ya nguzo zinazoonyesha vipimo vimetawanyika vipi. Ukipima urefu wa mikono ya mashati 100, je, vipimo vimekusanyika pamoja katikati au vimesambaa huku na huku kama kuku waliotupiwa mtama? Ya tano ni mchoro wa vitone: weka vipimo viwili pamoja, kwa mfano ukazaji wa uzi na nguvu ya mshono, uone kama kimoja kinapopanda kingine hupanda au hushuka.

Ya sita ni grafu pamoja na chati ya udhibiti, ambayo ilibuniwa na Walter Shewhart wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani mwaka 1924. Hii ina mstari wa katikati na mipaka miwili, wa juu na wa chini, na mipaka hiyo huhesabiwa kutokana na vipimo vya kazi yenyewe. Kila siku unatia kitone. Vitone vikichezacheza ndani ya mipaka bila mpango, hayo ni mawimbi ya kawaida ya kazi, usimgombeze mtu. Kitone kikiruka nje ya mpaka, simamisha, tafuta, kuna jambo limeingia. Kwa chati hiyo msimamizi anajua siku ya kuhangaika na siku ya kutulia. Wangapi kati yetu wamewahi kukemewa kwa wimbi la kawaida tu?

MFUPA WA SAMAKI

Zana ya saba ndiyo ya Ishikawa mwenyewe, na ndiyo iliyolipeleka jina lake kila nchi. Ilianza mwaka 1943, vita vikiwa vinaendelea, alipokuwa akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi mambo mengi yanavyochangamana kuleta tokeo moja. Maneno yalimshinda, akachora.

Alichora mshale mrefu ulionyooka, na mbele yake akaandika tatizo. Kisha akachora mishale mingine inayoingia kwa mshazari kutoka juu na chini, kila mmoja ukiwa kundi la sababu: vifaa, mashine, mtu, namna ya kufanya kazi. Katika kila mfupa mkubwa akatia miiba midogo. Mchoro ulipokwisha ulifanana na samaki aliyeliwa nyama yote akabaki mfupa, na ndiyo maana watu waliuita mfupa wa samaki. Wengine huuita kwa jina lake mwenyewe.

Turudi kwa mashati yetu. Kichwani mwa samaki andika: mshono wa bega kufumuka. Kwenye mfupa wa vifaa, uliza kama uzi ulikaa katika stoo yenye unyevu. Kwenye mfupa wa mashine, uliza sindano ilibadilishwa lini. Kwenye mfupa wa namna ya kazi, uliza kama mtindo mpya wa bega ulifundishwa kwa kila fundi au kwa wa mchana tu. Kwenye mfupa wa mtu, uliza kama wa zamu ya usiku wana mwanga wa kutosha kuona wanachoshona. Mwisho huenda ikaonekana kwamba kosa lote lilikuwa taa moja iliyoungua, na yule fundi aliyekaribia kufukuzwa hana hatia.

Hapo, msomaji, ndipo penye uzito wa mchoro huu. Kazi ikiharibika, desturi ya dunia ni kumtafuta mtu, na mtu anayepatikana kwa kawaida ni mdogo asiyekuwa na mtetezi. Samaki wa Ishikawa ana mifupa mingi, na mtu ni mmoja tu kati yake. Mchoro unawalazimisha wote walio chumbani, tajiri kwa kibarua, kutazama uti wa mgongo mzima kabla ya kunyosha kidole. Ishikawa alifundisha waziwazi kwamba sehemu kubwa ya makosa ya kiwanda hutokana na mipango na maamuzi ya wakubwa, na ni sehemu ndogo tu inayotokana na mkono wa mfanyakazi. Ikumbukwe kwamba aliyesema hayo alikuwa mtoto wa rais wa wenye viwanda.

VIKUNDI VYA KARAKANANI

Sasa ilibaki kuwafikishia watu zana hizo. Mwaka 1956 mafunzo ya ubora kwa manyapara yakaanza kutangazwa katika redio, na watu wakawa wanasikiliza huku kitabu kiko mkononi. Mwaka 1962 chama kile cha wanasayansi kikatoa gazeti la karakanani, Ishikawa akiwa kiongozi wa wahariri wake. Walikubaliana jambo moja ambalo linafaa kukumbukwa: bei yake iwe ndogo, ili nyapara aweze kulinunua kwa fedha za mfukoni mwake bila kungoja kampuni.

Lakini Ishikawa alijua kwamba watu wengi waliotoka kazini wamechoka hawawezi kusoma peke yao wakaendelea. Kwa hiyo gazeti lile likawahimiza wasomaji waunde vikundi vidogo katika sehemu zao za kazi, wasome pamoja, kisha wayapeleke waliyoyasoma kwenye matatizo ya mashine zao. Kikundi cha kwanza kuandikishwa, mwezi Mei 1962, kilitoka shirika la simu la Japani, katika mji wa Matsuyama. Ni jambo la kupendeza kwamba simu, ambazo ubovu wake ndio ulioanzisha safari hii mwaka 1946, ndizo zilizotoa kikundi cha kwanza. Baadaye vikundi vikaongezeka kwa maelfu, vikawa na mikutano ambapo wanawake na wanaume wa karakanani, ambao hawakuwahi kusimama mbele ya hadhara, walipanda jukwaani na chati zao na kueleza walichogundua.

Ishikawa alikuwa na masharti. Kikundi kiwe cha hiari. Kisianzishwe kwa amri ya mkubwa, wala kisiwe mtego wa kuwakamua watu. Alitaka mfanyakazi akue akili, aone furaha katika kazi yake na aheshimiwe kama mtu. Si kila kampuni iliyafuata masharti hayo. Zilikuwako zilizoita kuwa ni hiari jambo ambalo kila mtu alijua kwamba ni lazima, na saa za kikundi zikaliwa kutoka katika mapumziko ya watu. Huo ni ukweli, na anayesimulia sifa za vikundi hivi bila kuutaja hajasimulia yote.

Alikuwa pia akipingana na mawazo makubwa ya wakati wake. Katika viwanda vya Magharibi mtindo uliotawala ulikuwa ule wa Mmarekani Frederick Taylor, kwamba wahandisi wafikiri na kupanga, mfanyakazi atii tu. Ishikawa alikiri kwamba njia hiyo huenda ilifaa zamani, wakati wafanyakazi wengi hawakuwa na elimu. Lakini kumchukua mtu aliyekwenda shule, ukamfunga kwenye mashine na kumkataza kufikiri, kwake yeye kulikuwa kupoteza mali na kumdharau binadamu.

SIFA NA MAKOSA YA NG'AMBO

Mwaka 1960 Ishikawa akawa profesa kamili wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Alikuwa ameshapata Tuzo ya Deming mwaka 1952. Kitabu chake cha kuwafundisha watu wa karakanani zana hizi kilitoka kwa Kijapani, kikafasiriwa kwa Kiingereza, na kikasomwa mbali. Mwaka 1978 alifanywa rais wa Chuo cha Ufundi cha Musashi. Mwaka 1982 Wamarekani, ambao walimu wao ndio walioifundisha Japani, walimtunuku nishani yenye jina la Shewhart. Mwanafunzi alikuwa amerudi nyumbani kwa mwalimu akiwa amebeba zawadi.

Wamarekani walikuwa na sababu. Magari na redio za Kijapani zilikuwa zimejaa masokoni kwao, na viwanda vyao vilikuwa vikifungwa. Kampuni ya Lockheed ilijaribu vikundi vya ubora mwaka 1974, baada ya watu wake kuitembelea Japani, na nyingine nyingi zikafuata. Nyingi kati ya hizo zilichoka upesi. Wakubwa walidhani kwamba wamepata dawa: waweke wafanyakazi mezani, wawape karatasi na kalamu, wao waendelee na mambo yao. Vikundi vilipoleta mapendekezo, hayakujibiwa, na watu wakakata tamaa. Lau wangemsoma Ishikawa vizuri wangejua kwamba aliwataka wakubwa wajifunze kwanza. Jembe haliwezi kulaumiwa kwa shamba lisilolimwa.

Kaoru Ishikawa alifariki dunia tarehe 16 Aprili 1989, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuacha mashine aliyoibuni wala kampuni yenye jina lake. Aliacha michoro ambayo mtu yeyote anaweza kuichora nyuma ya bahasha.

Michoro hiyo imetembea. Afrika imeijua zaidi kupitia mafunzo ya kaizen, yaani kurekebisha kazi kidogo kidogo bila kuchoka. Ethiopia ilianzisha taasisi yake ya kaizen mwaka 2011. Nchini Tanzania, njia hizo zilianza kuingizwa hospitalini mwaka 2007, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ikawa mojawapo ya mifano iliyotembelewa na wengine. Hospitalini kasoro si mshono wa bega. Ni dawa iliyokosekana rafuni, au mgonjwa aliyengoja foleni mpaka jioni. Lakini karatasi ya alama ni ile ile, na samaki ni yule yule.

Wahenga wetu walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliyasema hayo kabla Ishikawa hajazaliwa, na ni kweli tupu. Taabu ni kwamba ufa mara nyingi huonekana kwanza na yule anayefagia chumba, na yeye ndiye ambaye hakuna anayemuuliza. Ishikawa alitumia miaka 40 ya maisha yake akiwaambia wenye viwanda jambo hilo moja, kwamba mwulizeni, na kabla ya kumwuliza, mpeni kalamu na mmfundishe kuitumia.